P3 Itoke Kwa Polisi, Iende Hospitalini

Ukipigwa na mtu aliyevaa sare ya serikali, unaenda kumshtaki wapi? Kituoni. Kwa nani? Kwa mwenzake.

Mimi nilipigwa rungu na karao usiku nikirudi nyumbani. Kosa langu lilikuwa kuuliza ananishika kwa nini. Mfupa wa mkono ukavunjika. Hospitalini nikafungwa plasta, kisha nesi akaniambia nikachukue P3 kwa polisi ndiyo daktari aijaze. Nikaenda. Askari wa kaunta akaangalia plasta, akauliza nani alinipiga. Nikamwambia. Akafunga droo. "Fomu zimeisha. Kapige kopi ng'ambo ya barabara." Nikapiga kopi. Nikarudi, mwenye muhuri hayuko. Kesho yake pia hayuko. Siku ya tatu yuko, lakini anataka ya chai.

Nilichoka, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa nia.

Tuelewane kuhusu hii karatasi. Sehemu ya kwanza ya P3 hujazwa na polisi, halafu daktari anaandika umeumia kiasi gani. Maneno yake yana uzito: kudhuru mwili chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu ni hadi miaka 5, lakini jeraha baya chini ya kifungu cha 234 linaweza kumfunga mtu maisha. Sasa ushahidi mzito hivyo, mlango wake tumempa nani ashike ufunguo? Mara nyingine ni mshukiwa mwenyewe.

Najua nitaambiwa kuna IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011 ili kuwachunguza polisi. Iko, na malalamishi inapokea. Lakini lalamishi lisilo na maandishi ya daktari ni rahisi sana kuitwa stori.

Pia watasema polisi lazima waanze, la sivyo watu watajitungia majeraha. Jamani, nani anatambua mfupa uliovunjika, daktari au mwenye droo? Namba ya OB inaweza kuongezwa baadaye. Uvimbe hausubiri. Kila siku unayozungushwa, alama zinafifia, na wakili wa aliyekupiga anashukuru.

Na msiniambie haiwezekani. Mtu aliyebakwa akifika hospitalini, kuna fomu ya PRC ambayo mhudumu wa afya anaijaza palepale. Kwa hivyo serikali inajua kabisa kwamba ushahidi unaweza kuanzia mahali mgonjwa anapotibiwa. Aibu ni kwamba hata huyo bado anatumwa kituoni kutafuta P3.

Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2010 kinasema serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na kama kuna ada, isimzuie mtu. Kopi, nauli ya siku tatu na chai ya afande ni ada, hata kama hupewi risiti.

Ninachodai si kikubwa. P3 ziwekwe kwenye kitengo cha majeruhi cha kila hospitali ya umma. Daktari aanze kuijaza siku unayofika, bure, nakala moja ubaki nayo. Polisi waje kuichukua kwake.

Kesi yangu haikufika popote. Mkono ulishikana vibaya, na nikichapa kwa muda mrefu unauma. Hii nimeichapa kwa awamu mbili.