Kioo cha mlango wa gari: Gharama ndogo inayolea wizi mkubwa

KUVUNJWA kwa kioo cha mlango wa gari ni tukio la kufumba na kufumbua, lakini matokeo yake humwandama mwenye gari kwa siku kadhaa. Katika maegesho ya Kariakoo, Posta, Mwenge na kwingineko jijini Dar es Salaam, si ajabu kukuta punje za kioo zimetapakaa kando ya barabara, ishara kwamba kuna mtu aliyerudi kwenye gari lake na kukuta mkoba au kompyuta aliyoiacha juu ya kiti imetoweka.

Baada ya mshtuko, swali la kwanza huwa ni kioo kingine kitapatikana wapi na kwa bei gani. Swali la pili, ambalo wachache hujiuliza, ndilo lenye uzito zaidi: kioo hicho kingine kimetoka kwenye gari la nani?

Ili kulielewa swali hilo, ni vyema kwanza kufahamu tofauti iliyopo kati ya kioo cha mbele na vioo vya milango. Kioo cha mbele hutengenezwa kwa tabaka mbili za kioo zilizogandamanishwa na utando wa plastiki katikati. Kikipigwa na jiwe hupata ufa lakini hubaki mahali pake, na ufa ukiwa mdogo fundi anaweza kuuziba kwa gundi maalumu.

Vioo vya milango katika magari mengi yaliyopo barabarani ni vya aina nyingine. Hivi hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 600 za Sentigredi, kisha hupoozwa ghafla kwa upepo mkali. Uso wake hujibana, huku sehemu ya ndani ikibaki imevutika. Hali hiyo hukipa kioo nguvu mara kadhaa kuliko kile cha dirisha la nyumba. Hata hivyo, kikipata jeraha linalopenya uso, hata liwe dogo kiasi gani, chote husambaratika kwa mkupuo mmoja na kuwa punje ndogo.

Kwa upande wa usalama hilo ni jambo jema, kwa kuwa punje hizo hazikati mwili kama vigae virefu vya kioo cha kawaida. Lakini kwa mwenye gari lina maana mbili zisizokwepeka. Kwanza, kioo cha mlango kikivunjika hakizibiki. Pili, kioo cha aina hiyo hakikatwi baada ya kutoka kiwandani, kwani kikiguswa na kisu cha kioo hupasuka chote. Hivyo ni lazima kipatikane kile kilichotengenezwa kwa ajili ya mlango huo huo wa aina hiyo hiyo ya gari.

Hapo ndipo mnunuzi anapobanwa. Sehemu kubwa ya magari binafsi nchini Tanzania na Kenya huagizwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Kenya huzuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa yale makuukuu, lakini katika nchi zote mbili gari la umri wa miaka 15 au 20 ni jambo la kawaida barabarani. Kioo cha Toyota IST hakiingii kwenye mlango wa Vitz, cha mlango wa mbele hakifai nyuma, na cha kushoto hakiendi kulia.

Mfanyabiashara ambaye angetaka kuweka dukani vioo vipya vya milango yote ya magari yote hayo angelazimika kufungia mtaji mkubwa katika bidhaa nzito, inayovunjika kwa urahisi na inayoweza kukaa rafuni miaka kadhaa bila mteja. Wengi huona heri kuweka vioo vya mbele, ambavyo wateja wake hawakosekani. Kwa vioo vya milango, mwenye gari huelekezwa kwenye vipuri vya mtumba.

Kioo cha mtumba kina asili tatu. Kipo kilichotoka nje ya nchi, hasa Japani na katika masoko ya vipuri ya Ghuba kama Sharjah, ambako magari hufumuliwa na viungo vyake kusafirishwa kwa makontena. Kipo kilichotolewa kwenye gari lililopata ajali humu nchini, likauzwa kama skrepa. Na kipo kilichong'olewa usiku kwenye gari la mtu aliyelala, au kwenye gari lililoibwa lote na kuchinjwa.

Tatizo ni kwamba vikishafika kaunta, vioo hivyo vitatu havina tofauti. Vyote vimefutwa vumbi, vyote vinauzwa kwa bei ya mapatano, na aghalabu muuzaji naye amevinunua kwa mtu wa tatu. Si haki kuwatia wafanyabiashara wote wa vipuri wa Gerezani mjini Dar es Salaam, au wa Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, katika kapu moja na wezi. Wengi wao wanajipatia riziki kwa jasho lao, na bila wao maelfu ya magari yangesimama. Lakini ni vigumu pia kukanusha kuwa soko lisiloulizia asili ya mali ndilo soko analolihitaji mwizi.

Wenye magari wamejaribu kujilinda kwa njia yao wenyewe. Katika miji ya Tanzania na Kenya ni kawaida kuona namba ya usajili imechorwa kwenye kila kioo cha gari, kwenye vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma na hata kwenye taa. Mantiki yake ni nyepesi: kioo chenye namba ya mtu ni kigumu kuuza.

Njia hiyo ina manufaa, lakini ina mipaka. Haimzuii mwizi anayevunja kioo ili achukue kilichomo ndani, kwa kuwa yeye hana haja na kioo chenyewe. Aidha, namba iliyochorwa juu juu inaweza kusuguliwa, ingawa msuguo huo huacha ukungu unaoonekana kioo kikielekezwa kwenye mwanga. Zaidi ya yote, namba hiyo hufanya kazi pale tu mnunuzi wa kioo hicho anapoitazama na kukataa kununua. Mnunuzi anayeifumbia macho kwa sababu bei ni nafuu huifuta kwa fedha yake.

Sheria kwa upande wake haiko kimya. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humtia hatiani anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Nchini Kenya, kifungu cha 322 cha sheria kama hiyo kinaruhusu adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 14. Maneno "sababu ya kuamini" ndiyo ambayo mnunuzi wa kawaida hana budi kuyatafakari. Kioo chenye alama ya kusuguliwa, kinacholetwa na kijana asiye na duka baada ya kumwambia mteja asubiri nusu saa, ni sababu tosha ya kuamini.

Pamoja na hayo, kesi za aina hii haziwezi kusimama bila taarifa. Wengi wanaovunjiwa vioo hawaendi polisi kuchukua namba ya taarifa, maarufu kama RB, kwa kuona kuwa watapoteza siku nzima kwa ajili ya kioo kimoja. Matokeo yake ni kwamba wizi huu hauonekani ipasavyo katika kumbukumbu, na kisichoonekana katika kumbukumbu hakipangiwi askari wa doria.

Bima nayo haisaidii kama wengi wanavyodhani. Bima ndogo, ambayo ndiyo ya lazima kisheria, humlinda mtu wa tatu aliyedhuriwa na gari. Hailipi kioo cha mwenye gari. Mwenye bima kubwa anaweza kulipwa, lakini mikataba mingi humtaka abebe mwenyewe kiasi cha kwanza cha hasara, na gharama ya kioo kimoja cha mlango huweza kuwa chini ya kiasi hicho. Kuna pia hofu ya kupoteza punguzo analopewa mteja asiyedai. Kwa hiyo hata mwenye bima kubwa hujikuta yuko mtaani akitafuta kioo cha bei nafuu.

Kutafuta unafuu huko kuna hatari nyingine inayohusu uhai. Kioo halisi kisipopatikana, wapo mafundi wanaokata kipande cha kioo cha dirisha la nyumba, au cha plastiki ngumu, na kukipachika mlangoni, hasa kwenye vile vidirisha vidogo vya pembe visivyoshuka. Kioo cha nyumba kikivunjika katika ajali hutoa vigae virefu vyenye makali, karibu kabisa na shingo na uso wa abiria. Plastiki nayo hukwaruzika upesi na kufifisha mwanga, jambo linalomnyima dereva uwezo wa kuona vizuri nyakati za usiku.

Kinga dhidi ya hilo ni kusoma maandishi madogo yaliyo kwenye pembe ya kioo. Kioo kilichopitishwa kwa kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara na maandishi 43R. Vile vya Japani vingi huwa na alama ya viwango vya nchi hiyo, yaani JIS, pamoja na jina la kiwanda. Kioo kisicho na alama yoyote hakipaswi kufungwa, hata kama kimeingia mlangoni sawasawa.

Ufungaji wenyewe si kazi ngumu kwa fundi mwenye subira. Kava la ndani la mlango hutolewa, utando wa plastiki unaozuia maji hubanduliwa taratibu, na kioo kipya huingizwa kwa kulazwa kidogo, kikakazwa kwenye mashine ya kukipandisha na kukishusha. Katika magari yenye mifuko ya hewa ya pembeni, betri hutenganishwa kwanza, kwa sababu baadhi huwa na vihisio ndani ya mlango.

Sehemu inayorukwa mara nyingi ni usafi. Punje za kioo cha zamani hudondokea chini, ndani ya mlango, na zisipoondolewa zote huziba matundu ya kutolea maji. Maji ya mvua yakituama humo, mlango huanza kuoza kwa kutu kuanzia ndani. Punje zilizonasa kwenye raba nazo hukikwaruza kioo kipya kila kinapopanda na kushuka. Mwenye gari anayedai kazi iishe kwa dakika kumi hujinunulia tatizo la mwaka unaofuata.

Teknolojia inaelekea kubadili sura ya jambo hili, ingawa si kwa upande mmoja tu. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilieleza mwaka 2019 kuwa karibu aina 1 kati ya 3 za magari ya mwaka 2018 nchini humo zilikuwa na vioo vya tabaka hata kwenye milango. Vioo hivyo humchelewesha mwizi. Lakini katika majaribio ya chama hicho, hakuna hata kimoja kati ya vifaa 6 vya kuvunjia kioo wakati wa dharura kilichoweza kukitoboa. Kwa mji unaofurika maji kila masika kama Dar es Salaam, dereva anahitaji kujua mapema gari lake lina kioo cha aina gani.

Magari hayo yataendelea kufika Afrika Mashariki kwa njia ya mtumba, lakini kwa miaka mingi ijayo walio wengi watabaki na kioo kinachosambaratika. Kwa hiyo suluhisho la sasa halimo kiwandani, limo sokoni.

Mfano wa karibu upo. Sheria ya Vyuma Chakavu ya Kenya ya mwaka 2015 inawataka wafanyabiashara wa vyuma hivyo kuwa na leseni na kuweka kumbukumbu za mali wanayonunua. Haigusi vioo, na utekelezaji wake umekuwa na misukosuko, lakini msingi wake ni sahihi: anayenunua mali iliyotumika aweze kueleza amenunua kwa nani. Kitabu kama hicho kwenye duka la vipuri vya mtumba kisingegharimu zaidi ya bei ya daftari.

Nchini Tanzania, mashine za kielektroniki za kutolea risiti zilianza kutumika mwaka 2010, na risiti yake huonyesha kodi na bei. Haionyeshi kipuri kilitoka kwenye kontena gani au gari gani lililopata ajali. Iwapo vyama vya wafanyabiashara wa vipuri vingekubaliana na polisi kuhusu utaratibu wa kuandika asili ya mali, muuzaji mwaminifu ndiye angekuwa wa kwanza kunufaika, kwani leo anashindana bei na mtu ambaye mali yake haikumgharimu kitu.

Mpaka utaratibu huo uwepo, uamuzi unabaki mikononi mwa mnunuzi. Kuuliza kioo kimetoka wapi, kukitazama kwenye mwanga kabla ya kulipa, kudai risiti na kukataa kile chenye namba ya mtu mwingine huenda kukamgharimu siku mbili zaidi za kuendesha gari lililozibwa kwa nailoni. Ni usumbufu, na msimu wa mvua ni usumbufu mkubwa. Lakini anayeukwepa kwa kununua kioo cha wizi anapaswa kujua kuwa fedha yake ndiyo itakayomrudisha mwizi kwenye maegesho yale yale.