Fedha Zilizo Njiani Si Mali ya Mbebaji

Miongoni mwa maamrisho yaliyo wazi kabisa katika Qur'ani Tukufu ni lile la Suratun-Nisaa, aya ya 58, ambamo Mwenyezi Mungu (s.w.) anatuamuru kuzirudisha amana kwa wenyewe. Aya hii husomwa sana katika khutba zetu, na mifano inayotolewa huwa ni ya mkufu ulioachwa kwa jirani au shamba la yatima lililo mikononi mwa ami yake. Ni nadra kusikia ikitajwa amana iliyo kubwa kuliko hizo katika zama zetu, nayo ni fedha zilizo njiani. Kijana aliyeko Marekani anampelekea mama yake matumizi ya mwezi. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaweka mauzo ya siku katika simu. Kamati ya msikiti inakusanya michango kwa namba moja. Fedha hizo zimekwisha kutoka kwa mwenyewe, na hazijafika kwa mlengwa. Je, katika muda huo ziko wapi, na ni za nani?

Hili si swali la mabenki peke yao. Sisi tunaofundisha mlango wa amana na mlango wa mkopo katika madrasa tunaona kuwa ni wajibu wetu kulijibu, kwa sababu Waislamu wengi wanazitumia huduma hizi kila siku bila ya kujua msingi wake.

Kanuni inasema nini

Serikali nyingi duniani zimeweka sharti kwamba kampuni haiwezi kupokea fedha za watu na kuzipeleka mahali pengine bila ya leseni. Leseni hiyo inafuatana na sharti zito: wakati wote, kampuni iwe na mali salama ambazo thamani yake haipungui jumla ya fedha zote inazodaiwa na wateja. Ikiwa watu wameipa kampuni milioni kumi ambazo bado hazijafikishwa, basi pawepo milioni kumi, kamili, katika mali za aina iliyotajwa na sheria.

Huko Marekani, ambako karibu kila jimbo hutoa leseni yake, wasimamizi wa majimbo walitunga mwaka 2021 sheria ya mfano ambayo majimbo mengi yameifuata tangu wakati huo, ama yote ama sehemu yake. Sheria hiyo inazipanga mali salama kwa daraja. Katika daraja la juu kuna fedha taslimu, akiba katika benki zenye bima na dhamana za serikali ya nchi hiyo. Hizi zinahesabiwa bila ya kikomo. Chini yake kuna mali zinazohesabiwa kwa kiasi tu. Fedha ambazo mawakala wamezikusanya lakini hawajaziwasilisha zinahesabiwa kwa sharti kwamba hazijapita siku saba, na zisizidi nusu ya mali zote. Hati za makampuni, hata zile zenye sifa nzuri, nazo zina mpaka wake. Nyumba, viwanja, magari na hisa za kampuni tanzu hazimo katika orodha hiyo.

Aidha, sheria inasema kwamba mali hizi, hata zikichanganyika na mali nyingine za kampuni, zinahesabika kuwa zimeshikwa kwa dhamana kwa ajili ya wateja pindi kampuni inapofilisika. Maana yake ni kuwa anayeidai kampuni kodi ya ofisi au bei ya kompyuta hana ruhusa ya kujilipa kwa fedha za mama anayesubiri matumizi ya mwezi.

Katika Afrika Mashariki tumefuata njia nyingine inayoelekea huko huko. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, fedha za wateja zimekuwa zikiwekwa katika akaunti za udhamini kwenye mabenki, mbali na fedha za kampuni ya simu. Kenya iliipa mifumo ya malipo sheria yake mwaka 2011 na kanuni zake mwaka 2014, na Tanzania ikatunga sheria yake mwaka 2015. Salio analoliona mteja katika simu yake ni lazima liwe na shilingi halisi iliyolala benki.

Usalama una maana gani

Mtu anaweza kusema: ikiwa fedha ziko benki, au zimenunua dhamana za serikali, basi khofu ya nini tena? Matukio ya miaka ya karibuni yanatosha kumjibu.

Mwezi wa Machi 2023 ilianguka benki ya Silicon Valley huko California. Benki ile haikununua vitu vya ovyo. Ilikuwa imenunua kwa wingi hatifungani za muda mrefu zenye dhamana ya serikali. Riba sokoni ilipopanda, thamani ya hatifungani hizo za zamani ikashuka. Benki ikauza sehemu yake kwa hasara ya dola bilioni 1.8, wateja wakashituka, na katika siku moja, tarehe 9 Machi, wakaomba kutoa dola bilioni 42. Siku ya pili yake benki ikafungwa. Katika benki hiyo kampuni ya Circle, ambayo ina leseni za kupeleka fedha katika majimbo mengi, ilikuwa imeweka dola bilioni 3.3 kati ya akiba ya takriban dola bilioni 40 inayosimama nyuma ya sarafu yake ya kidijitali. Sarafu hiyo, iliyoahidiwa kuwa na thamani ya dola moja, ikashuka chini ya senti 90, na haikurejea mahali pake mpaka serikali ilipotangaza kwamba wenye akiba wote watalipwa.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, mali yaweza kuwa salama kwa mwenye kusubiri miaka kumi, na ikawa hatari kwa anayedaiwa kesho asubuhi. Pili, akiba yote isiwekwe katika chungu kimoja. Sisi wa Afrika Mashariki hatukuhitaji kwenda California kujifunza hilo. Kenya iliziona Dubai Bank na Imperial Bank zikifungwa mwaka 2015, kisha Chase Bank mwaka 2016. Tanzania nayo ilizifutia leseni benki tano ndogo kwa mpigo mwezi wa Januari 2018. Bima ya amana ya Kenya ilikuwa shilingi 100,000 kwa kila mwenye akiba, ikapandishwa kuwa 500,000 mwaka 2020. Lakini fedha za mamilioni ya watu zikiwa katika akaunti moja kwa jina la mdhamini, kinga hiyo si kitu, ila pale sheria inapomhesabu kila mteja kwa nafsi yake.

Huko Uingereza wasimamizi walizichunguza kampuni za malipo zilizofilisika kati ya mwaka 2018 na 2023, wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 65 ya fedha za wateja hazikuonekana. Sheria ya kuzitenga fedha hizo ilikuwapo miaka yote hiyo. Iliyokosekana ni hesabu ya kila siku na jicho la kuikagua.

Fiqhi yetu na jambo hili

Wanachuoni wetu wanatofautisha baina ya amana na mkopo. Mwenye kuwekewa amana hana ruhusa ya kuitumia, na ikipotea pasina uzembe wala uvunjaji wa mipaka, halipi. Akiitumia, au akiichanganya na mali yake isijulikane ipi ni ipi, dhamana inakuwa juu ya shingo yake. Ama mwenye kukopa, mali inakuwa yake kuitumia, lakini ni lazima alipe kwa hali yoyote, na nyongeza yoyote inayoshurutishwa ni riba.

Wako wanaosema: fedha za simu ni mkopo kwa kampuni, basi kampuni iachiwe izitumie itakavyo, maadamu inalipa. Wanatoa hoja kwa Zubayr bin Al-Awwam (r.a.), ambaye watu walipomletea amana alikataa kuzichukua kwa jina hilo, akazipokea kuwa ni mkopo, kwa kuchelea zisije zikapotea na wenyewe wakakosa haki yao. Habari hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari. Lakini anayeitaja na aitaje mpaka mwisho wake. Zubayr alipouawa mwaka 36 Hijria alikutwa na deni la 2,200,000, wala hakuacha dinari wala dirhamu, bali ardhi na majumba. Mwanawe Abdullah ilimbidi aikate ardhi ya Ghaba mafungu mafungu na kuyauza ndipo deni lilipwe. Kisha kwa miaka minne akawa anatangaza katika msimu wa Hija kwamba mwenye kumdai Zubayr ajitokeze, kabla ya kuwagawia warithi kilichobaki.

Tuitazame habari hii kwa makini. Mdaiwa alikuwa Sahaba aliyebashiriwa Pepo. Mali ilikuwepo, tena ilizidi deni. Mrithi alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Pamoja na yote hayo, kwa kuwa mali ilikuwa ardhi, haikuwezekana kulipa mpaka iuzwe. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya Zubayr, itakuwaje kampuni yenye wenye hisa wanaotaka faida kila mwaka, na mteja anayehitaji fedha za dawa usiku huu? Kwa maoni yetu, kanuni inayokataa kuhesabu viwanja na majumba kuwa ni akiba ya wateja inakubaliana na hekima iliyomo katika habari hii. Ukiziita fedha hizo amana, kanuni inamzuia mbebaji asiziguse. Ukiziita mkopo, inamlazimisha awe na cha kulipia pale pale anapodaiwa. Kwa njia zote mbili haki inafika kwa mwenyewe.

Tatizo la riba

Liko jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Mali zinazotajwa na kanuni hizi kuwa ni salama, nyingi ni akiba za benki zenye riba na dhamana za serikali zenye riba. Fedha za Muislamu zinapolala humo, zinazaa. Huko Marekani mazao hayo kwa kawaida ni ya kampuni. Nchini Kenya mazao ya akaunti ya udhamini ya M-Pesa yamekwenda katika kazi za kheri kupitia taasisi iliyoundwa mwaka 2010. Nchini Tanzania njia iliyochukuliwa ni kuwarejeshea wateja. Mwaka 2014 Tigo Pesa ilitangaza kugawa shilingi bilioni 14.25, na Waislamu wengi wakakuta nyongeza katika simu zao bila ya kuiomba.

Msimamo wetu ni kwamba nyongeza itokanayo na riba haiwi halali kwa kubadilishwa jina na kuitwa gawio. Aliyeipata bila ya kuishurutisha aitoe katika maslahi ya watu, kwa nia ya kujitakasa na si kwa kutaraji thawabu ya sadaka, kama walivyofutu wengi katika wanachuoni wa zama hizi.

Lakini tujihadhari na haraka ya upande wa pili. Wako ndugu wanaotaka fedha hizi ziondolewe katika riba na ziingizwe katika mudharaba au sukuk, wakidhani kila lenye jina la Kiislamu linafaa kila mahali. Katika mudharaba hasara ya mtaji humwangukia mwenye mali. Basi mama aliyetumiwa shilingi laki moja ataambiwa biashara haikwenda vizuri, apokee elfu themanini? Na sukuk ya miaka mingi, katika soko lenye wanunuzi wachache, haiuziki kwa siku moja, yakatokea yale yale ya Silicon Valley. Fedha zilizo njiani zinahitaji mahali palipo halali na salama kwa pamoja. Mahali hapo pako karibu nasi: akaunti ya kawaida isiyo na nyongeza katika benki za Kiislamu zenye leseni, kama zile zilizofunguliwa Kenya tangu mwaka 2008 na Amana Bank nchini Tanzania tangu mwaka 2011, huku fedha zikigawanywa katika benki zaidi ya moja.

Tunachokitaka

Kwa hiyo tunawataka viongozi wa taasisi zetu wapeleke kwa Benki Kuu na kwa makampuni maombi matatu. Kwanza, kila kampuni itangaze hadharani, kila robo mwaka, fedha za wateja ziko katika benki zipi na kwa kiasi gani. Pili, mteja apewe khiyari ya kukataa gawio, na fungu la wenye kukataa liwekwe katika akaunti zisizo na riba. Tatu, sheria itamke waziwazi kwamba bima ya amana inamhesabu kila mteja peke yake.

Na kabla ya kuwanyooshea wengine kidole, tujiangalie sisi wenyewe. Wako miongoni mwetu wanaopokea fedha za hawala, michango ya misikiti na akiba za Hija bila ya leseni, wakazitia katika mzigo wa dukani kwa matumaini kwamba mzigo utauzwa kabla fedha hazijadaiwa. Huyo ameigeuza amana kuwa mtaji wake pasina idhini ya mwenyewe, na hata akilipa kwa wakati, alikwisha kuikiuka siku alipoigusa. Ni aibu kwamba kanuni za serikali zisizodai kuwa na dini zimemfunga mbebaji fedha kwa kamba imara, nasi tulioteremshiwa aya tunamwacha aende kwa kuaminiana tu. Mwenye kazi hii na achague: ajisajili na kuzitenga fedha za watu, au aiache.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe ni wenye kuzichunga amana na ahadi zetu, na azitakase mali zetu. Wabillahi tawfiq.