Mabati, Simu na Matanga



Katika tawi letu vijana wameleta shauri: mwanachama akifiwa, kila mtu apeleke mchango kwa simu, na safari za matangani zifutwe. Wasema nauli ya Kitale hadi Bungoma afadhali iongezwe katika mchango. Hesabu yao ni sawa. Shauri lao nalipinga.

Watu wa Webuye wanayo habari ya mabati. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipoanza kazi mwaka 1974, wengi walipata mshahara wa mwezi, wakaezeka nyumba zao mabati, wakaitwa watu wa maendeleo. Moshi wa kiwanda hicho hicho ukayala mabati yale hata yakatoboka, wakanunua mengine. Mwaka 2009 mitambo ikasimama. Nimezungumza na wengi waliofanya kazi pale. Mshahara wanautaja, ndiyo, lakini wakikaa kidogo huanza kuwataja watu wa zamu yao, nani alikuwa mcheshi, nani alimsaidia nani mtoto alipougua.

M-Pesa ilipoingia mwaka 2007 tuliishangilia, na mimi hata leo naitumia. Lakini mama yangu alipofariki, fedha ziliingia katika simu usiku kucha, tena nyingi, kila moja na neno lake la "pole". Majina ya waliotuma siwezi kuyataja bila kuitazama simu. Waliokuja ni watatu. Mmoja ni dereva wa trekta katika shamba la mahindi huko Kitale, alifika akitoka kazini, hakulala. Hakuhutubu. Alishika shoka akapasua kuni mpaka jua likachwa. Huyo sitamsahau.

Najua mtaniuliza, nafasi tutaipata wapi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Siku hiyo wengi wetu tunaiuza kwa ovataimu, kisha twalalamika kwamba hatuonani. Katika maafikiano yajayo na matajiri, tuombe nyongeza ya shilingi, na pamoja nayo tuombe siku za msiba zenye malipo.

Kwa sasa naleta shauri langu: mchango upelekwe kwa simu, lakini kila mahali pa kazi patoe watu watatu wa kwenda, nauli yao itoke katika mfuko wa tawi. Katibu ameliandika. Kura itapigwa mkutano ujao, basi njoni wenyewe.