Unga wa manjano si badala ya pampu

Ni nadra siku hizi kukosa mchuuzi katika kituo cha matatu akinadi unga wa manjano na tangawizi, ambao anaapa hutuliza uvimbe wa mapafu. Wanunuzi hawakosi, hasa wale ambao mapafu yao yaliharibiwa na sigara au moshi wa kuni.

Manjano yenyewe sina ugomvi nayo. Mchuzi bila manjano haupendezi. Kemikali yake iitwayo kurkumini hutuliza uvimbe katika maabara, lakini ikimezwa ni kidogo mno kinachofika katika damu.

Kinachonitia hofu ni ule unga unaoleta nafuu kwa siku mbili. Katika nchi kadhaa, wapimaji wamegundua dawa za aina hii zikiwa zimetiwa kisirisiri steroidi kama vile deksamethasoni. Mgonjwa hupumua vyema, kisha huitupa pampu yake. Baadaye uso humfura, sukari hupanda na mifupa hudhoofika. Akiuacha unga ghafla baada ya miezi, anaweza kuzirai na hata kufa, kwa sababu mwili umeacha kujitengenezea homoni ya aina hiyo.

Hata hivyo, tusimlaumu mgonjwa peke yake. Pampu ni ghali. Serikali za kaunti zihakikishe kuwa haikosekani katika zahanati.

Nawe unayetumia unga huo tayari, usiukatize ghafla. Mpelekee daktari mkebe wenyewe wiki hii, na umweleze umeutumia kwa muda gani.