Njia Panda Si Makutano

Waandishi wa siku hizi wamejizoesha kuita "makutano" kila mahali ambapo barabara hukaribiana. Gari hupinduka makutano, kibanda hujengwa makutano, na hata mpenzi wa shairi aliyeshindwa kuamua naye huachwa makutano. Huo ni uvivu, na uvivu wa maneno aghalabu huishia kuwa uvivu wa fikra.

Iangaliwe njia ya Mgeta. Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa hufika Sangasanga. Hapo barabara kuu huendelea na safari yake, na njia nyengine hukata kuikwea milima ya Uluguru hadi Langali na Nyandira. Hapo ni njia panda, wala hapana neno jengine lifaalo. Panda hiyo si kitenzi cha kukwea, ingawa Mgeta hukwewa kweli. Ni panda ya tawi, pale linapogawika mawili, ambayo mtoto huikata akachongea manati. Mkulima ashushaye kabichi kutoka mlimani naye, afikapo hapo, hana budi kuchagua: Morogoro ama Iringa. Njia panda humdai mtu uamuzi. Ndiyo maana mwenye kusita husemwa yuko njia panda. Na kafara nazo hutupwa njia panda. Ni mganga gani aliyewahi kuagiza zikatupwe makutano?

Makutano yana heshima yake. Asili yake ni kukutana, na ndani yake mna watu: katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 neno hilo ni umati. Kenya ina miji iitwayo Makutano, na jina limeikaa vyema, kwani huko watu na biashara hukusanyika. Mzunguko nao, ambao madereva huuita kipilefti, si panda wala si makutano. Ni mahali gari hulazimika kuzunguka kabla ya kutoka.

Yasemwa kwamba lugha hukua. Ni kweli, na njia panda yenyewe imepanuka ikachukua hata njia nne. Lakini kupanuka si kumezwa. Kihispania hutenga bifurcación, cruce na glorieta, kisha kikabakia na encrucijada, ambayo kwao pia ni neno la mwenye kusita. Utajiri huo haujawa mzigo kwa wasemaji wake; kwa nini uwe mzigo kwa Waswahili?

Mwenye hatari kubwa zaidi ni mshairi. Njia panda ina mizani nne, makutano, nne, mzunguko, nne. Akibadilisha moja kwa jengine katikati ya kipande, ubeti hautachechemea wala sikio halitashtuka. Mizani haitamlinda. Atakuwa amemkutanisha aliyetaka kumtenganisha, na shairi litaimbwa kwa sauti nzuri huku likisema uongo.

Kwa hivyo, kabla ya kuhesabu mizani, mtunzi na aulize kwanza: hapo pana kuchagua, pana kukutana, au pana kuzunguka tu?