Mwaiki si meme

Kila wiki ni ile ile. Klipu ya mwizi ameshindwa kushuka kwa mti, komenti zinajaa: "Hiyo ni Kitui, kamuti imejibu." Jamaa akioa dem wa Makueni, marafiki wanamuuliza kama alikunywa chai ya kwao. Ati ni utani tu. Wakamba wenyewe tunaushea, tunauza mpaka fulana.

Sawa, tucheke. Lakini mnamjua Mwaiki?

1931, huku Ukambani, Mwaiki alishukiwa kumroga mke wa jamaa anaitwa Kumwaka wa Mulumbi. Wanaume wakakusanyika, wakampiga kwa fimbo mpaka akafa. Si msee mmoja alipandwa na hasira. Walioshtakiwa walikuwa 70. Mwaka wa 1932 mahakama ya koloni ilihukumu 60 kati yao kunyongwa, ikisema kuamini uchawi si udhuru wa kuua. Hawakunyongwa, adhabu zilipunguzwa.

Kesi iko kwa vitabu vya sheria mpaka wa leo: Mfalme dhidi ya Kumwaka wa Mulumbi na wengine 69. Soma hilo jina tena. Wauaji wamehesabiwa mpaka wa mwisho, Mwaiki hayumo.

Sasa linganisha na Wamarekani. Kule Salem, 1692, Wapuritani walinyonga watu 19 kwa uchawi. Leo vitukuu wao wanatafuta hayo majina kwa bidii, na wakiyapata wanajivunia. Kuna mmoja anaitwa Elizabeth Johnson. Alihukumiwa 1693, akaponea kamba, lakini jina lake likabaki chafu hadi 2022. Waliopigania lisafishwe ni wanafunzi wa darasa la nane na mwalimu wao. Watoto wa miaka 13, 14! Huyo mama hakuwa amezaa, kwa hivyo hakuacha mjukuu wa kumtetea.

Hapo ndipo inaniuma, juu sisi tuna njia yetu ya kumfuta mtu. Mkamba huita mtoto jina la susu au la umau, ndiyo jina lisipotee. Kwetu kuna susu mmoja wa zamani ambaye hakuna mtoto ameitwa yeye. Nikiuliza, wazee wanabadilisha stori, wananiuliza masomo yanaendeleaje. Sina faili, sina cheti cha ubatizo, sina kaburi. Nina hilo pengo tu kwa majina yetu. Msee wa Boston anaingia mtandaoni na kusoma kesi ya babu yake neno kwa neno. Mimi naanzia kwa kimya.

Najua mtu ataandika, "Lakini uchawi upo, wewe hujaona." Sibishani na wewe juu ya hiyo. Niulize tu kitu kimoja: mbona mchawi hapatikani akiwa kijana mwenye gari na mawakili? Huwa ni shosho mjane, macho mekundu ya moshi wa jikoni, na mara nyingi kuna shamba kando. Kilifi wazee wanauawa kwa jina la uchawi, na ukichimba kidogo unakuta ugomvi wa ardhi. Kisii, Oktoba 2021, akina mama wanne wazee walichomwa moto. Hiyo si historia. Ulikuwa na simu tayari.

Halafu kuna Sheria ya Uchawi, ya 1925, ya mzungu, na ingali yetu. Inaadhibu anayejifanya mchawi, lakini pia inaadhibu anayemshutumu mwenzake kuwa mchawi bila kupeleka neno kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka. Soma komenti zako ukikumbuka hiyo.

Msiniambie eti skiti haiui mtu. Skiti haishiki fimbo, kweli. Inachofanya ni kuzoesha watu. Ukishacheka mara elfu moja kwamba shosho wa Mwingi "ana vitu", siku kijiji kikimzunguka hutashtuka, utatoa simu urekodi.

Kwa hivyo kazi ni hii. Desemba mkienda ushago, Mutomo, Wote, Kibwezi, popote, kaeni na wazee muandike majina ya familia kizazi kwa kizazi. Lile ambalo halijarudiwa, ulizeni kwa nini, na muulize kwa heshima. Mkipata jibu, nitumieni DM. Na yeyote kati yetu akizaa msichana, kuna jina linangoja.