Kipupwe cha bosi, mafuta ya nani?

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi nilikwenda kuripoti semina ya ofisi moja ya umma hapa Dar. Nje mashangingi manane yamepaki kivulini, yote yananguruma, madereva wamelala ndani, kipupwe kinapuliza. Nimeingia saa tatu asubuhi, nimetoka saa sita, bado yananguruma!

Jamani, kipupwe cha gari hakiendeshwi na upepo wa Mungu. Kompresa yake inazungushwa kwa mkanda na injini, na injini inakunywa mafuta. Idara ya Nishati ya Marekani inasema gari lililosimama likinguruma huchoma kama lita 1 hadi 2 kwa saa, kutegemea ukubwa wa injini na matumizi ya AC. Shangingi sidhani kama liko upande wa lita 1. Haya, piga hesabu: magari manane, saa tatu, lita 2 kila saa. Lita 48, na hakuna mtu aliyesogea hata hatua moja! Mafuta yenyewe tunayaagiza yote nje, kwa dola, halafu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunakaa roho juu kusubiri EWURA watangaze bei.

Sisemi watu waoge jasho. Kuna wabahili wengine wakishavuka Chalinze wanakimbiza 100, wanazima AC na kushusha vioo vyote, eti wanaokoa. Kwa mwendo huo upepo unalivuta gari nyuma, unachookoa huku unakipoteza kule. Hapo funga vioo, washa kipupwe, safari njema. Kushusha vioo ni kwa mwendo wa mjini (vumbi la Ubungo mtajua wenyewe).

Na hii habari ya kupoza gari kabla bosi hajapanda haina kichwa wala miguu. AC inapoza haraka zaidi gari likiwa kwenye mwendo. Shusha vioo, ondoka, joto litoke, ndiyo uwashe.

Nilimwamkia dereva mmoja, nikamuuliza mbona hazimi.

"Mdogo wangu, nilishazima siku moja. Bosi akakuta siti ya moto, nikaandikiwa barua."

Kwa hiyo madereva msinitukane, siwasemi nyinyi. Namsema aliyeandika ile barua.